Safari za Jamaa Kutoka Shituru, na Chakula cha Njiani

Watu wengi hudhani ya kuwa safari ya kujiburudisha ni jambo la matajiri wapandao ndege. Mtu wa Shituru akiulizwa amepata kutembea wapi pamoja na mkewe na watoto wake, pengine atajibu kwamba walikwenda matangani, au arusini, au kumwuguza ndugu. Hizo ni safari za wajibu, nazo ni njema. Lakini iko safari nyingine, ya siku moja au mbili, ambayo jamaa huifanya kwa hiari yao, ili waione nchi yao na kula pamoja bila mama kukoka moto. Leo napenda kueleza safari tatu za namna hiyo, na hasa ya tatu, kwa kuwa hiyo yatugusa sisi wa Shituru kuliko zote.

Kwanza tukumbuke tunakotoka. Shituru ni mojawapo ya komini nne za mji wa Likasi. Wenzake ni Likasi yenyewe, Kikula na Panda. Mji huu uliitwa Jadotville hata mwaka 1966. Kiwanda cha Shituru, kinachosafisha shaba kwa nguvu za umeme, kilianza kazi mwaka 1929 chini ya kampuni ya Union Minière, ambayo mali yake ilitwaliwa na serikali mwaka 1967, ndipo ikazaliwa Gécamines.

Katika siku za kampuni ile, mfanyakazi alipimiwa posho yake ya unga na kitoweo, naye mkewe aliipika katika nyumba ya kambi. Mikahawa ya mtaa wa Wazungu haikuwa na kiti cha Mwafrika. Kwa hiyo, kwa mwanamume mwenye mshahara, kula nje kulikuwa ni kwenda baa na rafiki zake siku ya malipo, nao mama na watoto walibaki na sufuria yao. Ubaguzi ule umekwisha. Posho nayo imekwisha, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa malipo. Lakini desturi ya baba kula nje peke yake haijatutoka bado. Basi hapana budi tulitangulize neno hili: fedha ya kula nje ni ya jamaa yote, hata ikiwa ni kidogo.

Lubumbashi

Safari ya kwanza ni ya Lubumbashi, kadiri ya kilomita 120 kwa barabara. Njiani mtavuka daraja la mto Lufira. Hapo baba awaambie watoto habari za Septemba 1961, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, zaidi ya 150, walipozingirwa Jadotville na majeshi ya Katanga. Wenzao waliotumwa kuwaokoa walizuiliwa kwenye daraja hilo. Walipigana siku tano, wakaishiwa na risasi, wakajisalimisha, wala hakufa hata mmoja wao. Mtoto aliyeliona daraja kwa macho yake halisahau somo hilo upesi.

Mjini kuna bustani ya wanyama, ambayo watoto huipenda kuliko kitu kingine chote, tena kuna nyumba ya makumbusho iliyoanzishwa mwaka 1946. Jioni inapoingia, moshi wa michopo hupanda kando ya njia: ni nyama ya mbuzi iliyochomwa makaani, ikakatwa vipande, ikaliwa na vitunguu na pilipili. Hapa jamaa wachague. Wakiingia katika hoteli yenye vitambaa vya meza, bei ya sahani tano yaweza kumeza nauli yote ya kurudi. Wakila michopo, watashiba na fedha itabaki. Mimi siwakatazi wenye uwezo kuingia hotelini, maana mtoto hujifunza huko kukaa vizuri, kungoja zamu yake na kumshukuru anayemhudumia. Ila baba aulize bei kabla ya kuagiza, wala asione haya. Haya ya kweli ni ya yule anayekula kwanza, kisha anaanza kupapasa mifuko.

Maporomoko ya Lofoi

Safari ya pili ni ya mbali zaidi, tena ni ngumu. Katika mbuga ya Kundelungu, iliyotengwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1970, maji ya Lofoi huanguka kutoka ukingo wa uwanda wa juu, kimo cha zaidi ya mita 300, na kwa urefu huo ni miongoni mwa maporomoko makubwa ya Afrika. Wakati wa kiangazi maji hupungua sana, na wakati wa masika barabara huharibika. Yafaa kwenda mara mvua zinapokwisha, kwa gari lenye nguvu, pamoja na mtu aijuaye njia.

Huko hakuna mkahawa wa kumtegemea. Chakula hubebwa kutoka nyumbani: mihogo iliyochemshwa, karanga, mayai, kuku aliyekaangwa jana yake, na maji ya kunywa ya kutosha. Na hapa nina neno kwa wavulana na wasichana wa shule: mama asiachiwe kazi hiyo peke yake usiku kucha, asije akafika maporomokoni amechoka, akalala garini wakati wenzake wanatazama maji. Kila mmoja achukue sehemu yake ya kazi.

Ziwa Tshangalele

Safari ya tatu ndiyo iliyo karibu nasi. Tunashika barabara ya Lubumbashi, kisha tunaelekea Kapolowe, na muda si mrefu tunafika katika nchi ya wavuvi. Ziwa Tshangalele halikuumbwa pamoja na milima hii. Lilitokea watu walipoujengea mto Lufira boma huko Mwadingusha, ili maji yazungushe mitambo ya umeme. Mitambo hiyo ilianza kazi mwaka 1930, na umeme wake ulipelekwa kwenye viwanda vyetu. Kwa hiyo Shituru na ziwa hili walilelewa pamoja. Mwaka 1982 UNESCO iliiandika nchi ya Lufira miongoni mwa hifadhi za viumbe hai za dunia. Na kweli, kwenye matete ya ziwa ndege ni wengi mno.

Samaki huuzwa wabichi na wa kukaushwa kwa moshi. Utamwona mama amepanga samaki wake juu ya meza ya mbao, na nyuma yake jiko linawaka.

“Mama, samaki huyu ni wa leo?”

“Wa asubuhi hii, baba. Mtazame jicho.”

Naye anasema kweli: jicho lang’aa, na ndani ya mashavu bado ni mwekundu. Mnapatana bei, anampara mbele yenu, anamtia chumvi, anamkaanga. Bukari, ambayo wenzetu wa Afrika ya Mashariki huiita ugali, inasongwa hapo hapo. Sombe ya majani ya mihogo inapakuliwa. Kikombe cha munkoyo chazunguka, kinywaji chetu cha uji wa mahindi na mizizi iliyopondwa, ambacho kikiwa kipya ni kitamu na watoto hukinywa. Kikikaa siku nyingi huchacha, na hapo si cha watoto tena. Mnanawa mikono, mnakula. Siku hiyo mama ameketi na kuhudumiwa, wala hakuna anayemwita jikoni. Nimewaona akina mama wengi wakicheka katika meza hizo kwa namna ambayo watoto wao hawajaizoea nyumbani.

Lakini yapasa kusema pia jambo ambalo halipendezi. Umeme ulipanda kutoka Lufira kuja kwetu, na maji yetu machafu hushuka kwenda kule. Mto Panda hupokea maji ya viwanda vya Likasi, huyapeleka Lufira, nayo Lufira huingia ziwani. Wataalamu waliopima maji, matope, mimea na samaki wa bonde hilo, na kuchapisha kazi yao mwaka 2010, walikuta shaba, kobalti na metali nyingine zimeingia katika viumbe hao, hasa karibu na mikondo inayotoka Likasi. Metali hizo hazionekani kwa jicho la samaki, wala pilipili haiziondoi.

Je, tuache kwenda? La. Wavuvi wa Kapolowe hawakuyachafua maji, na kuwasusia kungekuwa kuwaadhibu wasio na kosa. Wala sisemi kwamba mlo mmoja utamdhuru mtu. Nasema hivi: mnunuzi aulize samaki amevuliwa upande gani, naye amchague wa ziwani kwenyewe kuliko yule wa vijito vilivyo karibu na mji. Tena mfanyakazi wa kiwandani, akisikia habari ya maji yanayomwagwa bila kusafishwa, asidhani ya kuwa yanakwenda nchi ya mbali. Yanakwenda kwenye sahani ya mwanawe. Wenye viwanda waombwe, tena na wafanyakazi wao wenyewe, wayasafishe maji kabla ya kuyaachia mto. Baba aliyekwisha kula kando ya ziwa pamoja na watoto wake ataliomba jambo hili kwa moyo kuliko yule aliyelisoma gazetini tu.

Mashauri machache

Wanaotaka kujaribu waanze kuweka akiba miezi miwili mbele, kidogo kidogo, katika mkebe ambao watoto wanauona. Waandike katika karatasi nauli, chakula na fedha ya dharura, kila moja mahali pake. Wasafiri asubuhi, warudi kabla ya giza. Bibi mzee asiachwe nyuma kwa sababu tu anatembea polepole. Yeye ndiye anayejua majina ya vijiji na ya milima, na bila yeye watoto watapita wasijue wanachokiona.

Na wakati wa kurudi, wanunue samaki wawili watatu wa moshi kwa ajili ya jirani aliyebaki Shituru akiilinda nyumba. Wamwambie pia walivuliwa wapi.