Ngozi inawasha? Twende Ngaramtoni!

Arusha raha, lakini ngozi inajuta! Kuanzia Juni mpaka Agosti baridi inashuka toka Mlima Meru, hewa inakauka na vumbi la Kisongo halina dini. Hapo ndipo utawaona masista duu na mabishoo wanajikuna shingo na viwiko kama wamelalia upupu.

Wajanja wanapanda daladala mpaka Ngaramtoni, barabara ya Namanga, chini ya mlima wenyewe. Sokoni utawakuta akina mama wa Kiarusha na Kimasai wamepanga mizizi, magome na majani. Usijitie mjuaji wa mjini. "Shikamoo yeyo" kwanza, shida baadaye. Yeyo ni mama kwa Kimasai, na neno hilo peke yake linashusha bei!

Muulize shubiri, ule mmea wa majani manene yenye miiba pembeni. Ziko aina zinazoota zenyewe kwenye nyika za huku, na Wamasai mizizi yake huitia kwenye pombe ya asali ichachuke.

Sasa sikia, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Jani likikatwa linatoa vitu viwili. Cha kwanza ni utomvu wa njano, mchungu ile mbaya, unaokaa chini tu ya ganda. Huo unawasha ngozi, na ukiunywa utahamia chooni. Shubiri ya porini inao mwingi. Lisimamishe jani kwenye bakuli uchuruzike, lioshe, limenye. Cha pili ni ute unaong'aa kama maji. Huo ndio unaopoza ngozi iliyochomwa na jua. Jaribu kidogo ndani ya mkono, subiri siku moja. Penye kidonda kibichi usipake.

Jihadhari na vikopo visivyo na lebo, vile vya "krimu ya mitishamba" inayomaliza upele usiku mmoja. Muujiza huo unaweza kuwa steroidi iliyochanganywa kimyakimya. Paka miezi kadhaa, ngozi inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukiacha, upele unarudi na ukoo wake wote. Jani la yeyo angalau unaliona.

Na kama ni pumu ya ngozi isiyokoma, au upele unatoa usaha, shubiri haitoshi. Moshi ni kama kilometa 80 tu, na pale KCMC kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Nauli isikuume, mshikaji. Sura haina spea!