Kampala na Waonjaji wa Chungu

Mgeni afikaye Kampala kwa mara ya kwanza aghalabu huonyeshwa vilima. Huambiwa Mengo ni kule, Namirembe ni pale, Rubaga ni ng'ambo ya bonde, na akibahatika hupelekwa Luzira kulitazama Ziwa Viktoria kutoka bandari ya Port Bell. Huko Luzira ndiko kiliko kiwanda cha Uganda Breweries, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1946. Bia yake mashuhuri, Bell, ilichukua jina la bandari hiyo, nayo bandari ilikuwa imekwisha kupewa jina la Hesketh Bell, gavana wa Uganda zama za ukoloni. Wenyeji wakimnunulia mgeni chupa moja baridi hudhani wamekwisha kumwonjesha Kampala. Kumbe wamemwonjesha gavana.

Kampala hunywewa kwingine. Ifikapo saa kumi na moja jioni, watu wakitoka kazini, katika vichochoro vya Naguru, Kamwokya, Ntinda na Kireka huanza kuonekana duara za viti vya mbao na mabenchi mafupi. Katikati ya kila duara kimewekwa chungu, na ndani ya chungu imetumbukizwa mirija mirefu, mingine ikizidi urefu wa mtu, ikapinda na kuingia vinywani mwa watu waliokaa mbali na chungu chenyewe. Atazamaye kwa mbali hudhani ni mafundi wanaotengeneza mtambo. Hao ni wanywaji wa malwa, na kama kuna watu Afrika Mashariki wanaojua kuonja pombe na kuitolea hukumu, basi wamo katika duara hizo.

Malwa ni pombe ya ulezi. Waiteso huiita ajon, na iliingia mjini pamoja na watu wa mashariki na kaskazini ya Uganda waliokuja kutafuta kazi. Wengi wao walipanga katika nyumba za serikali za Nakawa na Naguru zilizojengwa wakati wa ukoloni. Nyumba hizo zilibomolewa mwaka 2011, wapangaji wakatawanyika, na vyungu vikatawanyika nao. Mtu aliyezoea kuvuka njia tu na kukaa kwenye kiti chake sasa hupanda basi dogo, hapa wanaliita taksi, akafuata mkono wa mpikaji wake hadi mtaa mwingine. Jambo hilo huwashangaza wasiojua. Yaani mtu apite vilabu kumi kwa sababu ya chungu kimoja? Naam, hupita.

Ili kumfahamu mtu huyo, yafaa kwanza kufahamu kazi iliyomo chunguni. Ulezi husagwa, unga ukakandwa kwa maji kidogo, kisha ukafunikwa na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa, mara nyingi juma zima. Zamani ulifukiwa ardhini. Mjini hutiwa katika gunia au pipa. Baada ya hapo hukaangwa juu ya bati pana lenye moto mkali, mpikaji akigeuza kwa koleo bila kupumzika, mpaka unga ugeuke chengachenga za rangi ya kahawia na harufu yake ifike mtaa wa pili. Chenga hizo huanikwa juani hadi zikauke kabisa. Wakati huohuo ulezi mwingine umelowekwa, ukachipua, ukakaushwa na kusagwa: hicho ndicho kimea. Chenga, kimea na maji huchanganywa, na katika siku mbili tatu pombe huumuka. Siku ya kunywa, mchanganyiko huo mzito hutiwa chunguni na kumwagiwa maji ya moto. Machicha hayachujwi, bali kila mrija una kichujio kidogo nchani, na mnywaji huvuta maji akaacha machicha yakikaa chini.

Njia hii ya kunywa ina umri mkubwa. Katika mihuri ya mawe iliyofukuliwa Mesopotamia, yenye zaidi ya miaka 4000, wamechorwa watu walioketi wakivuta pombe kwa mirija kutoka chungu kimoja. Mzee wa Kireka akionyeshwa picha hiyo hatauliza ni akina nani. Atauliza ni ya nafaka gani.

Kwa kuwa maji huongezwa mara kwa mara, chungu kimoja hutoa pombe nyingi katika jioni moja. Funda la kwanza ni zito, lina harufu ya mkaango na uchachu unaobana mashavu. Maji ya pili hulainisha, na hapo utamu wa kimea hujitokeza. Wajuzi wengi husema maji ya pili ndiyo kilele. Ya tatu yafaa kwa mazungumzo. Ya nne ni ya wale wasiotaka kwenda nyumbani. Kujua ni wakati gani wa kuliita birika na wakati gani wa kulikataa ni elimu kamili, na duara lenye mtu mwenye haraka ya maji huharibikiwa mapema.

Mabishano yao yana istilahi zake. Mmoja atasema pombe ya leo ni changa, yaani haikupewa siku yake ya mwisho. Mwingine atakana: si changa, ila kimea kilikuwa kidogo. Wa tatu, aliyenyamaza muda wote, ataondoa mrija mdomoni na kutamka kwamba mkaango ulizidi upande mmoja wa bati, na uchungu uliopo ni wa unga ulioungua. Kisha hupashana habari: kwa nani ulezi umetoka Teso juma hili, nani amebadili maji ya kisima kwa maji ya bomba, kwa nani usiende siku ya Jumatatu kwa sababu huuza mabaki ya Jumapili. Hakuna kinachoandikwa. Habari hizo hutembea kwa mdomo, na kufikia mwisho wa juma mpikaji mmoja amejaza ua wake na mwingine anapungia nzi.

Adabu ya chungu nayo ni kali. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto. Haupulizwi ukatoa mapovu chunguni, wala mtu hachungulii ndani ya tundu lake. Apigaye chafya hugeukia nje ya duara. Akiondoka kidogo, humwachia jirani mrija wake aushike, naye jirani hatauvuta. Mgeni husamehewa mara moja.

Wapikaji karibu wote ni wanawake, na hapa ndipo ilipo hatari ya kazi hii, kwa maana hukumu ya duara humwangukia mtu mwenye watoto. Tuchukue mfano wa mama mmoja wa aina hiyo, mjane, mwenye vyungu vitatu na ua mdogo nyuma ya vyumba vya kupanga. Amekaanga ulezi wake siku ya Jumanne, katika majira ya mvua. Jumatano mvua imenyesha. Alhamisi jua limetoka saa mbili tu likajificha. Chenga zimekauka nje, ndani zimebaki na unyevu, na zina harufu ya mbali ya kuvu. Ijumaa inakaribia, na Ijumaa ndiyo siku ya fedha; karo ya mtoto haingoji jua. Afanye nini? Wapo watakaomshauri atie sukari kufunika ladha. Wapo watakaosema achanganye na pombe ya jana yenye ukali.

Akikiweka chungu hicho mbele ya watu wageni, huenda kikapita. Mbele ya wateja wake wa miaka hakipiti. Mzee wa kwanza atavuta funda moja, atalikalisha kinywani, kisha ataulaza mrija juu ya ukingo wa chungu bila kusema neno, na wenzake wataelewa.

"Nyabo," atasema baadaye, kwa sauti ya chini ili ua wote usisikie, "ulezi wako ulilala na maji."

"Ni kweli, ssebo. Jua lilininyima."

Jibu hilo ndilo linalomwokoa. Mama atakiondoa chungu, atapoteza ulezi wa chungu kizima na kuni zake, na karo ataiomba kwa chama chao cha akina mama cha kuwekeana fedha. Ila Ijumaa ifuatayo duara litarudi. Aliyeweka sukari na kuapa kwamba pombe ni nzuri hatawaona tena, na kwa sababu wateja hao hawana ugomvi, hatajua kamwe walikwenda wapi.

Msomaji wa Moshi, ambaye mbege yake huunganisha ndizi na kimea cha ulezi, atauliza: je, ndizi ziko wapi katika habari hii, na Kampala ni mji wa Baganda? Ziko. Pombe ya Baganda ni tonto, ambayo pia huitwa mwenge bigere, kwa sababu ndizi zake hukanyagwa kwa miguu, na msomaji wa Bukoba ataitambua mara moja kuwa ni ndugu wa rubisi. Ndizi za pombe hufukiwa shimoni hadi ziive, zikamenywa na kukanyagwa pamoja na majani makavu ya nyasi yanayosaidia kukamua. Maji yake matamu, mubisi, hutiwa katika mtumbwi wa mti uliochongwa, yakanyunyiziwa mtama uliokaangwa na kusagwa, na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Kesho yake huwa pombe. Mjini hufika katika madumu yaliyozibwa kwa majani ya mgomba, ili pombe iendelee kupumua, na harusi ya Kiganda bila kibuyu cha tonto wakati wa kumtambulisha bwana arusi kwa wazazi haijatimia machoni pa wazee.

Waonjaji wa tonto wana huzuni yao. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria uligunduliwa katika wilaya ya Mukono, mashariki ya Kampala, ukaenea upesi. Migomba ya kayinja, ambayo ndiyo tegemeo la pombe, ndiyo iliyoshambuliwa vibaya kuliko yote, kwa kuwa wadudu wanaotembelea maua yake huhamisha vijidudu kutoka mgomba hadi mgomba. Wataalamu wa kilimo waliwafundisha wakulima kukata ua la dume mapema kwa mti wenye panda, si kwa panga linaloweza kubeba ugonjwa, na waliofuata waliokoa mashamba yao. Wengine waling'oa kayinja wakapanda mazao mengine. Ndiyo maana mzee mwenye kinywa kizuri akionja tonto mjini husema siku hizi mtama umekuwa mwingi na ndizi zimekuwa chache, na si lazima awe anasingizia ujana wake.

Viwanda vikubwa navyo vimejifunza kutoka chunguni. Mwaka 2002 Nile Breweries ya Jinja ilitoa bia iitwayo Eagle, iliyotengenezwa kwa mtama wa Epuripur uliozalishwa na watafiti wa Serere huko huko Teso, na maelfu ya wakulima wakapata soko. Ni bia nafuu na safi. Siku hizi Kampala ina hata kiwanda kidogo, Banange, kinachopika bia kidogokidogo kwa mtindo wa Ulaya na Marekani, ambako wapenzi wa bia hukutana wakiwa na glasi ndogo na madaftari, wakiandika harufu na uchungu wa kila moja. Vijana wanaokwenda huko huamini wameleta Kampala desturi mpya ya kuonja. Walakini kinachouzwa kwenye chupa ni ahadi kwamba ya leo itafanana na ya jana, na mnywaji wa chungu hana hamu na ahadi hiyo. Anachotaka kujua ni kilichotokea juma hili.

Kuhusu enguli, yaani pombe kali ya kukenekwa, duara hutoa onyo moja. Sheria ya mwaka 1965 iliwataka wakenekaji wawe na leseni, lakini mitungi ya uchochoroni haikwisha, na mwaka 2010 watu wengi walikufa katika eneo la Kabale baada ya kunywa waragi yenye sumu ya methanoli. Pombe ambayo huwezi kumwona mpikaji wake, wazee husema, mwachie aliyeipika.

Pigo kubwa kwa chungu lilikuwa ugonjwa wa korona. Vilabu vilifungwa mwezi Machi 2020, havikufunguliwa hadi Januari 2022, na katika vinywaji vyote hakuna kilichotiliwa shaka kama hiki kinachowakalisha watu kumi kuzunguka mdomo mmoja wa udongo. Baadhi ya wapikaji waliuza malwa katika madumu, mteja akaenda kunywa nyumbani peke yake. Wateja walinunua, lakini waliikuta haina ladha. Walimlaumu mpikaji, wakalaumu kimea, wakalaumu plastiki ya dumu. Vilabu vilipofunguliwa, wengine walirudi na mirija yao wenyewe, wameiviringisha na kuifunga kwenye baiskeli, na tabia hiyo imebaki kwa baadhi yao.

Saa nne usiku birika huja kwa mara ya mwisho na kukataliwa. Mirija huchomolewa, ikapitishiwa maji ya moto na kutundikwa ukutani. Mama huyamwaga machicha katika ndoo ya mfugaji wa nguruwe atakayepita alfajiri, akakiinamisha chungu kikauke. Kisha hutoka hadi katikati ya ua, akatazama juu ya paa la jirani, upande wa ziwa, kuona kama kuna nyota. Kesho ana unga wa kuanika.