Tundu la Moyo na Maneno ya Watu

Wanawake wa Garissa wanamjua Madhubala kuliko wanavyoyajua majina ya mawaziri. Alizaliwa Delhi tarehe 14 Februari 1933, akaitwa Mumtaz Jehan, binti wa nyumba ya Kiislamu yenye watoto wengi na kipato kidogo. Aliingia katika filamu angali mtoto, na mwaka 1949 filamu ya Mahal ikalieneza jina lake Bara Hindi nzima. Marehemu mama yangu alimwona Mombasa, katika senema ya Naaz. Mimi nilimkuta tena Garissa nilipoolewa huko, kwanza katika kanda za video zilizochakaa, kisha katika simu za mabinti, ambao siku hizi huzitazama filamu za Kihindi zikiwa zimetiwa sauti za Kisomali.

Lakini, ndugu msomaji, filamu zenyewe ni robo tu ya mazungumzo. Robo tatu ni nani alimpenda nani. Alasiri, baada ya sala, chai ya maziwa inapoletwa na mkeka unapotandikwa penye kivuli, ndipo wafu wa Bombay hufufuliwa. Habari ya Nargis na Raj Kapoor, bwana mwenye mke wake nyumbani, hupita haraka, kwa sababu Nargis aliolewa na Sunil Dutt mwaka 1958 na kisa kikafika mwisho. Cha Madhubala na Dilip Kumar hakifiki mwisho.

Dilip Kumar, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Yusuf Khan wa Peshawar, alicheza naye filamu ya Tarana mwaka 1951, na tangu hapo magazeti hayakunyamaza. Mwaka 1957 palizuka kesi: baba yake binti alikuwa amemkataza kwenda mbali na Bombay kupigwa picha za Naya Daur, na Dilip Kumar akasimama mahakamani kumtolea ushahidi mtayarishaji wa filamu ile. Wawili hao walimalizia Mughal-e-Azam, wakiigiza wapenzi, hali hawasemezani. Filamu ilitoka mwaka 1960. Mwaka huohuo Madhubala akaolewa na Kishore Kumar, na tarehe 23 Februari 1969 akafariki, siku tisa tu baada ya kutimiza miaka 36.

Ukiuliza Garissa alikufa kwa nini, utajibiwa kwa neno moja: mapenzi. Jibu hilo lina mizizi ya kwao. Wasomali wana Elmi Boodhari, muuza mikate wa Berbera, ambaye husimuliwa kuwa alikufa kwa kumpenda Hodan, na hakuna bibi asiyekijua kisa hicho. Hivyo Madhubala alipofika kwetu alikuta kiti chake kimekwisha wekwa. Hata mwaka 2014, Dilip Kumar alipoeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba baba hakuipinga ndoa bali alitaka kuigeuza biashara, mkekani petu baba ameendelea kuwa ndiye aliyekataa. Mwenye kisa hasikilizwi akisema habari zake mwenyewe.

Madhubala alizaliwa na tundu moyoni, katika ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini. Mwaka 1954, akiwa kazini Madras, alitapika damu. Habari ilifichwa, maana nani angempa kazi mcheza filamu mgonjwa? Mwaka huohuo, huko Minneapolis, mji ambao takribani kila nyumba ya mtaa wetu ina ndugu, daktari C. Walton Lillehei aliufungua moyo wa mtoto mdogo akaziba tundu la namna ile. Aliiunganisha mishipa ya mtoto na ya baba yake, ili moyo na mapafu ya baba vifanye kazi ya wote wawili. Mtoto yule hakuishi siku nyingi. Baadhi ya waliofuata waliishi. Madhubala alipopelekwa London baada ya kuolewa, madaktari waliona upasuaji haungemfaa tena. Alibaki na maradhi yake kitandani miaka mingi, huku watu wakiendelea kuhesabu machozi aliyomlilia Yusuf Khan.

Nayaandika haya kwa sababu ya binti wa jirani yangu. Tangu utotoni alikuwa mzito wa kukimbia. Alipofika miaka 15, akitoka shuleni, alikuwa akisimama njiani na kuchuchumaa, mikono imekumbatia magoti, kisha akainuka na kuendelea. Mahali alipozoea kuchuchumaa palikuwa karibu na maegesho ya malori. Hiyo ikatosha.

"Abaayo, huyu ana mtu," aliniambia mmoja wetu akinimiminia chai. "Hali, halali, amekuwa kama Madhubala. Ni dereva."

Dereva huyo hakuwa na jina wala sura, lakini kwa wiki mbili alipata kabila, umri na rangi ya lori. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat tunaihifadhi sote, na nimeisikia ikisomwa kwa sauti nzuri mno na wale wale waliomjenga dereva. Maneno yakawafikia ami zake. Ikaamuliwa aachishwe shule, na nikaha ifungwe baada ya Ramadhani kwa mtu wa makamo, kusitiri aibu.

Bibi yake alikuja kutoka Masalani kusaidia maandalizi. Mzee huyo hajapata kutazama filamu hata moja. Alimketisha mjukuu mbele yake ampake hina, akaishika mikono, akaigeuza juani.

"Mapenzi hayageuzi rangi ya kucha," akasema. Kucha zilikuwa za buluu, na midomo vilevile.

Hospitalini walipiga picha ya moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Palikuwa na tundu, na njia ya damu kwenda mapafuni ilikuwa imebana. Kuchuchumaa kule, daktari alieleza, ni jambo wanalolijua kwa watoto wa maradhi hayo. Mwili hujitafutia nafuu wenyewe. Akamwambia mama yake faraghani kwamba mimba katika hali ile ingeweza kumwua. Nikaha ikavunjwa. Fedha za upasuaji wa Nairobi zilichangwa, na niseme haki: wa kwanza kutoa fungu lake lote la ayuuto alikuwa yule mwenye birika la chai. Wanawake wetu hawana uchoyo wa mali.

Sasa binti ana miaka 19, ana kovu la kifuani, anapanda ngazi bila kusimama. Mwezi uliopita walikuja kwangu wanawake watatu wa nyumba ya heshima, wanaomtaka kwa kijana wao, kuuliza habari zake kama ilivyo ada. Nilijitayarisha kueleza juu ya moyo, tundu lilivyozibwa, na vipimo vya kila mwaka. Hawakuuliza juu ya moyo. Mkubwa wao alisogea karibu, akateremsha sauti.

"Na yule dereva, waliachana vipi?"

Nikamwambia hapakuwa na dereva. Walitazamana, wakatabasamu kwa adabu, wakanisifu kuwa ni jirani mwema mwenye kusitiri ya watu, wakavaa viatu vyao.