Maji Hayakupita Chini

Nilipostaafu kazi ya uhasibu mwaka 2016, wenzangu ofisini walinipa saa ya ukutani na maneno mazuri ya kuagana, nami nikarudi nyumbani, hapa Dar es Salaam, kukaa barazani. Haukupita mwezi nikatambua kwamba baraza si mahali pa mtu aliyezoea kuamka saa 11 alfajiri. Nikawa naingia jikoni kuuliza chumvi imenunuliwa kwa bei gani. Mama watoto, ambaye kwa miaka 35 alikuwa ameliendesha jiko lile bila mhasibu, alinivumilia kwa muda, kisha siku moja akaniambia kwa upole, "Baba, pale uani kuna gari lako."

Gari hilo ni Peugeot 404 ya mwaka 1967. Nililinunua likiwa limekwisha tumika, mwaka 1981. Wasomaji wa rika langu hawana haja ya kuelezwa 404 ni gari gani. Lilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, na hapa Afrika Mashariki lilijipatia heshima katika mashindano ya Safari, ambayo lilishinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo nne usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Dar es Salaam, na vijana wa wakati ule tulijiona kana kwamba tulishinda sisi. Mtoto wetu wa pili alizaliwa mwaka 1984 katika kiti cha nyuma cha gari hilo kabla hatujafika hospitali. Tangu mwaka 1988, hata hivyo, halikuwa limetembea hata hatua moja. Lilikaa chini ya banda la mabati, na kuku walitagia humo vizazi kwa vizazi.

Mwanangu mkubwa aliposikia kwamba nataka kuifungua injini, alinikumbusha kwamba chuma chakavu siku hizi hununuliwa kwa kilo, na kwamba kiinua mgongo hakirudi mara ya pili. Alisema kweli. Nilitenga fedha kidogo, nikamwahidi mama yake kwamba sitazidisha, na ahadi hiyo niliivunja mara mbili.

Sasa yanipasa nieleze kwa nini gari lilisimama, au tuseme, kwa nini nilikuwa nikisema lilisimama. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuwa fundi wa magari. Mapema mwaka 1988 aliifungua injini hiyo yote akaijenga upya kwa mkono wake, kwa fedha nilizompa za kununulia vipuri. Wiki tatu baadaye tulisafiri kwenda Morogoro kwenye harusi ya mdogo wao. Hatukufika kwa gari letu. Tulikwamia Mikese, moshi mweupe ukitoka nyuma, na oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Tulimalizia safari juu ya lori, tukaingia ukweni vumbi tupu, ndoa imekwisha fungwa. Mbele ya wazee, wote wakinitazama, nikasema kwamba shemeji amekula fedha za vipuri na kurudishia gasketi kuukuu chini ya silinda, na ndiyo maana maji yameingia katika oili. Yeye hakujibu neno. Alitoka nje, na kuanzia siku hiyo hakukanyaga kwangu, wala mimi kwake, kwa miaka 28. Mama watoto alikwenda kwao peke yake kila mara.

Nikaanza kazi. Mtaa wa pili kutoka kwetu yuko kijana fundi, mwenye umri wa mjukuu wangu kama ningewahi kuoa, naye alikubali kunisimamia Jumamosi mchana kwa malipo kidogo na chakula. Ni jambo la kutia adabu kwa mzee aliyekuwa na makarani sita chini yake kuambiwa na kijana, "Hapana mzee, spana hiyo hushikwi hivyo." Nilinunua daftari, nikawa naandika kila bolti imetoka wapi. Hapo uhasibu ulinifaa.

Injini ya 404 imelazwa kwa ubavu, nyuzi 45, ili boneti iwe chini. Silinda zake zina kipenyo cha milimita 84, na pistoni husafiri milimita 73, hivyo ujazo wake ni sentimita za ujazo 1618. Jambo zuri kuliko yote ni kwamba silinda hazikuchongwa katika mwili wa injini wenyewe. Kila pistoni hupanda na kushuka ndani ya slivu, yaani mkebe mnene wa chuma unaochomolewa, na maji ya kupoza huizunguka slivu hiyo moja kwa moja. Ikichakaa huitoi injini nzima kwenda kuchongwa; unachomoa ya zamani, unatia mpya. Ila hapo pana mtego. Chini ya kila slivu pana gasketi nyembamba inayozuia maji yasimwagikie katika oili, na juu yake slivu hujitokeza kidogo sana, unene wa unywele tu, ili silinda hedi ikikazwa iibane barabara. Ukiisha ondoa hedi, usithubutu kuizungusha injini kabla hujazibana slivu kwa bolti na vipande vya chuma, maana pistoni zitazinyanyua na gasketi za chini zitaharibika. Kijana alinieleza hayo mara tatu, akiniangalia usoni kama mwalimu anayemtilia shaka mwanafunzi.

Pistoni zilikuwa zimegandana na slivu kwa kutu. Tuliziloweka kwa mafuta ya taa na oili siku tisa, kisha tukazigonga kwa gogo la mti, pole pole. Zilipotoka, nilianza kuona mambo ambayo sikuyatarajia. Kila kitawi cha pistoni kilikuwa kimetiwa alama kwa ncha ya msumari: kitone kimoja, viwili, vitatu, vinne, ili kila kimoja kirudi mahali pake. Miachano ya ringi ilikuwa imepishanishwa kama inavyotakiwa. Na zile gasketi za chini, nilizosema mbele ya wazee kwamba ni kuukuu, zote nne zilikuwa zimekaa sawa, bila mkunjo wala upenyo.

Kijana akaichukua silinda hedi, akaweka juu yake rula ya chuma, akainyanyua kuelekea jua. Mwanga ulipita katikati. Hedi ilikuwa imepinda kwa joto, na gasketi yake ilikuwa imeungua baina ya silinda ya pili na ya tatu. Akasema, "Maji hayakupita chini, mzee. Yalipita juu. Gari hili liliendeshwa bila maji."

Nilijua. Tulipoipita Chalinze siku ile, mpira wa rejeta ulipasuka. Niliufunga kwa kitambaa, nikamimina chupa mbili za maji ya kunywa ya watoto, nikaendelea, kwa kuwa nilikuwa nimechelewa na sikutaka ukweni waseme nimechelewa. Mshale wa joto ulikuwa katika nyekundu, nami nikauacha huko kilomita baada ya kilomita. Baadaye niliyaondoa hayo katika hesabu, na kwa muda wa miaka mingi niliamini hesabu yangu mwenyewe.

Usiku ule nikamweleza mama watoto. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Chupa zile nilizishika mimi," akaendelea kukunja.

Hedi tuliipeleka kwa mkereza, Gerezani, akaisawazisha. Slivu zilikuwa zimeliwa na kutu, hivyo nilihitaji seti mpya pamoja na pistoni. Ilinichukua miezi minne kuzipata, na zilikuja kwa basi kutoka Nairobi. Hapo ndipo nilipovunja ahadi yangu ya kwanza. Ya pili ilikuwa nauli ya Morogoro.

Nilikwenda na gasketi iliyoungua, nimeifunga katika gazeti. Shemeji nilimkuta nje ya nyumba yake, macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, hanioni vizuri. Nikamwamkia shikamoo. Alinijua kwa sauti. Nikaiweka ile gasketi mikononi mwake bila maelezo, naye akaipapasa ukingo hadi ukingo, kidole kikasimama pale penye ufa. Kimya kilikuwa kirefu. Mwisho akauliza, "Hedi ilipinda kiasi gani?" Nikamwambia. Kisha nikamwomba radhi, kwanza faraghani, na jioni mbele ya wazee wawili waliobaki kati ya wale wa harusini.

Alikuja Dar es Salaam mwezi uliofuata kupimwa macho, akafikia kwetu. Injini tulikuwa tumekwisha kuirudisha, hedi imekazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, awamu kwa awamu, na nyaya za plagi zimepangwa kwa mfuatano wa moja, tatu, nne, mbili. Tulimwekea kiti karibu na banda. Kijana akaizungusha kwa mpini mara kadhaa ili oili ipande, kisha mimi nikawasha. Ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, ikashika. Kuku walitawanyika. Mama watoto alisimama mlangoni, kanga ameiziba mdomoni.

Shemeji aliinua mkono tunyamaze. Akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda kama mtu anayesikiliza mgonjwa kifuani.

"Zima," akasema. "Vali moja inagonga. Ya tatu, upande wa moshi, umeiachia mno. Nipe spana."