Mpaka Pasipo na Mpaka

Katika maandishi ya wasomi tunakutana mara kwa mara na maneno ya Kilatini "ad infinitum", na aghalabu hufasiriwa "milele". Tafsiri hiyo haitutoshelezi. Milele hupima wakati. Maneno haya huhesabu hatua. Ukigawa moja kwa tatu kwa njia ya desimali, utaandika tatu baada ya tatu, wala hutaifikia tarakimu ya mwisho. Hiyo ndiyo "ad infinitum": kila hatua yazaa nyingine iliyo kama yake.

Hiyo "ad" ni mpaka, "in" hukanusha, na "finis" kwa Kilatini ni mwisho, tena ni mpaka wa nchi. Bahati njema, Kiswahili nacho kina neno moja lenye kazi mbili: twasema mpaka wa nchi, na twasema mpaka kesho. Basi twaweza kufasiri neno kwa neno: mpaka pasipo na mpaka.

Maana hiyo ilitudhihirikia Namoto, kusini ya Mto Ruvuma, mahali Msumbiji inapokoma na Tanzania kuanza. Wareno na Wajerumani walipatana juu ya mpaka wa Ruvuma mwaka 1886. Mwaka 1894 Wajerumani wakaitwaa Kionga, kusini ya mto. Mwaka 1916 Wareno wakawaondoa. Kumbe hata mpaka una mwisho wake! Lugha haikuhama: Kiswahili na Kimakonde vyasikika kando zote mbili.

Oktoba 2017 vita vilizuka Cabo Delgado, na Machi 2021 mji wa Palma, ulio kusini ya Namoto, ulishambuliwa. Maelfu ya watu wakakimbia. Tumepata kusikia ikisemwa kwamba vita hivyo vitaendelea "ad infinitum". Hapo twakataa, wala si kwa ajili ya sarufi tu. Hesabu hujizaa yenyewe, vita havijizai. Kila shambulio lina mtu aliyeliamua, na alichokiamua mtu, mtu aweza kukiacha. Anayekiita kirefu kuwa hakina kikomo humwondolea mtendaji lawama, na humnyima mkimbizi tumaini la kurejea shambani kwake.

Wahenga walisema: hakuna marefu yasiyo na ncha. Na tuwafundishe wanafunzi wetu yote mawili, Kilatini cha hesabu na methali ya wahenga, ili wajue kila moja lina mahali pake.