Kwa Mpwa Wangu Aliyechoka Kuchora

Ngamiani, Tanga

Mpwa wangu,

Michoro uliyonitumia nimeitazama yote. Kioo cha simu yangu kimepasuka, kwa hiyo nilimwomba kijana wa steshenari anichapie kwenye karatasi, nisije nikadhani ufa wa kioo ni mstari wako. Huku sote hatujambo. Bibi yako mguu unamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anajikongoja hadi kwa jirani na kurudi na habari za mtaa mzima.

Unasema umechora mwaka mzima na huoni tofauti. Unasema vijana wa rika lako wanaonyesha kwenye simu sura za watu zenye hadi vinyweleo, na wewe bado pua inakushinda. Unauliza kama sifa ulizopewa shuleni zilikuwa ni walimu kukupa moyo tu. Nitakujibu kama mtu aliyekula kwa brashi maisha yake yote, mambo ya mjomba kubembeleza tuyaweke kando. Mkono wako ni mzuri. Mistari yako imetulia kuliko ya vijana wengi waliopita kwenye kibanda changu. Kinachokuchelewesha ni kwamba unachora unachokijua, hujaanza kuchora unachokiona, na hamu yako inakufa kwa sababu hiyo hiyo.

Chukua ile sura ya mwenzako wa chumbani. Umeyaweka macho karibu na nywele, paji la uso limebaki kama kidole. Mwombe akae, upime. Nyosha mkono hadi kiwiko kisipinde, funga jicho moja, shika penseli wima, na kwa kidole gumba pima kutoka utosini hadi machoni, kisha kutoka machoni hadi kidevuni. Utakuta ni sawa kwa sawa, au karibu sana. Wengi hawaamini mpaka wapime, kwa sababu tukimtazama mtu tunatazama macho na mdomo. Utosi hauna habari nasi, basi mkono unaupunja. Sisi wachora vibao vya vinyozi tulilazimika kulijua hilo mapema, maana mteja wetu alikuwa anauza nywele. Panki, denge, kiduku, zote hukaa juu ya fuvu, na fuvu likiwa fupi kinyozi anakurudishia kibao kabla rangi haijakauka.

Kikombe chako cha kahawa nacho kina kasoro ya namna hiyo. Mdomo wake umeuchora kama jicho la samaki, una kona mbili kali pembeni, halafu chini ukapiga mstari ulionyooka kwa sababu unajua kikombe kinakaa sawasawa mezani. Unachokijua ni kweli. Unachokiona ni kingine: duara likilala huwa yai, halina kona popote, na kitako cha kikombe hujipinda zaidi ya mdomo wake kwa sababu kiko chini zaidi kutoka usawa wa jicho lako. Ukija likizo nitakupeleka ufukweni ulione jambo hili kwa ukubwa wake. Pale bahari inapokutana na mbingu ndipo usawa wa jicho lako ulipo. Ukichuchumaa, mstari huo unashuka nawe. Ukipanda juu ya ukuta, unapanda nawe. Mtu akilielewa hilo, nusu ya hesabu za majengo na barabara imekwisha.

Kuna zoezi moja ambalo nilikuwa nawapa vijana wa kibandani, nao walikuwa wakilichukia. Weka kiti cha plastiki mbele yako, kile chenye matundu mgongoni, na usikichore. Chora hewa tu: umbo la kila tundu, umbo la nafasi kati ya miguu, umbo la ukuta unaoonekana chini ya mkono wa kiti. Ukimaliza, kiti kitakuwa kimekaa chenyewe kwenye karatasi, tena kimekaa vizuri kuliko ungekikusudia. Akili yako inajua kiti kikoje na inakuamrisha. Umbo la hewa akili hailijui, hivyo inalazimika kutazama.

Vincent van Gogh, yule Mholanzi, aliamua kuwa mchoraji mwaka 1880 akiwa na miaka 27, umri ambao kwetu mtu anaulizwa ataoa lini, haulizwi ataanza kujifunza nini. Hakuanza kwa kutafuta mtindo wake, neno ambalo nimeliona mara nyingi mno katika ujumbe wako. Alikaa na karatasi za mazoezi za Mfaransa Charles Bargue akazinakili, kisha akazirudia. Baadaye akatengenezewa fremu yenye nyuzi, akawa anaisimamisha mbele yake na kutazama mandhari kupitia nyuzi zile ili ajue kipi kiko wapi. Katika barua kwa mdogo wake Theo aliieleza fremu hiyo na kuichora. Nawe unaweza kujitengenezea leo. Kata dirisha kwenye kadibodi la katoni, liwe na umbo sawa na la karatasi yako, pitisha uzi mmoja wima katikati na mwingine wa kulala, halafu piga mistari miwili kama hiyo kwa wepesi kwenye karatasi. Kona ya meza ikikata uzi, na kwenye karatasi ikate mstari mahali pale pale. Asikwambie mtu kwamba huko ni kudanganya.

Sasa habari ya hamu, ambayo ndiyo iliyokufanya uandike usiku wa manane.

Kibandani kwetu hamu haikuulizwa. Rangi ya mafuta kopo likishafunguliwa huanza kuganda juu, na mteja amelipa nusu, basi unapiga brashi ukiwa na furaha au ukiwa na homa. Wachora katuni wa magazeti nao ni hivyo. Gado, yule Godfrey Mwampembwa mzaliwa wa Dar es Salaam, aliingia gazeti la Nation la Nairobi mwaka 1992. Gazeti la kila siku halimngoji mchoraji ajisikie vizuri, mtambo unataka karatasi. Wewe husukumwi na kopo wala mtambo, una vitabu vya uhasibu na kitanda. Kwa hiyo funga kuchora kwenye jambo ambalo hulikosi. Ukimaliza kuosha vyombo vya usiku, chora dakika 20 kabla hujashika simu, basi. Siku ukiwa umechoka chora sufuria uliyoiosha. Hamu, kwa ninavyoijua mimi, hufika baada ya mistari michache ya mwanzo. Anayeingoja ije kwanza atalala.

Na chora ndani ya daftari, acha karatasi moja moja. Andika tarehe kila ukurasa, usichane hata ule unaokutia aibu. Kisha usirudi nyuma kuutazama mpaka miezi mitatu ipite. Mtu akijipima kila jioni haoni kitu. Na lazima nikwambie, hiyo karaha unayoisikia ukiona kazi zako za mwezi wa Ramadhani ni dalili njema. Wakati ule ulikuwa huzioni kasoro hizo. Jicho limetangulia, mkono uko njiani.

Huko Dodoma unakosomea mmejaliwa mibuyu. Chagua mmoja ulio kwenye njia yako ya chuoni, uuchore mpaka mwaka uzunguke. Wakati wa kiangazi mbuyu hauna majani, hivyo utaona matawi yanavyochomoza kutoka shinani na yanavyopungua unene kila yanapogawanyika. Mvua zikianza mwezi wa Desemba mti utavaa majani, na kazi itageuka: hutachora matawi tena, utachora mafungu ya mwanga na kivuli. Asubuhi upande mmoja mweusi, jioni upande wa pili. Ukifika mahali ukadhani mti umekwisha, hamia upande mwingine wa barabara.

Hokusai wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1760, alikuwa amegonga miaka sabini alipokuwa akitoa picha zake za Mlima Fuji, ikiwemo ile ya wimbi kubwa ambayo umeiona hata kwenye fulana. Mlima mmoja tu: mara uko nyuma ya wimbi, mara juu ya radi, mara unaonekana mdogo kupitia pipa kubwa lisilo na kitako ambalo fundi yuko ndani yake akifanya kazi. Na mwaka 1834, katika kitabu kingine cha mlima huo huo, akaandika kwamba yote aliyoyachora kabla ya miaka sabini hayakustahili kuhesabiwa, na kwamba akijaliwa kufika mia na kumi kila nukta yake itakuwa hai. Alifariki mwaka 1849, hakufika. Watu huyasimulia maneno hayo kama unyenyekevu. Mimi naona ni majigambo ya mzee aliyefurahi: amejipangia kazi ya miaka zaidi ya thelathini mbele, na ana mlima wa kuifanyia.

Usidhani haya ni ya wenye karatasi nzuri. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipita kwetu Tanga kwenye mashamba ya mkonge kabla ya kwenda Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akawa anachora Msasani, juu ya vipande vya hadbodi, kwa rangi za mafuta zile zile za kupaka baiskeli. Kazi yake haikudumu hata miaka mitano, maana aliuawa mwaka 1972. Lakini alikuwa amewakalisha vijana pembeni yake, ndugu na jamaa, wakitazama anavyotandaza rangi ya chini na anavyomzungusha ndege, na wao ndio walioibeba kazi hadi ikaitwa kwa jina lake. Hilo la kukaa pembeni ya mtu lizingatie. Tafuta mwenzako hata mmoja hapo chuoni, mkae Jumamosi Soko la Majengo, mchore wauza nyanya. Soko halikai kimya ukalichora taratibu, na hilo ndilo zuri lake: una nusu dakika kabla mama hajainuka, basi unakamata mgongo unavyopinda na uzito ulipo, vidole unaviacha. Watu watakuzunguka na kusema hafanani. Macho hayana pazia, waache watazame.

Kunakili pia nakuruhusu, ila kwa masharti. Mimi nilijifunza kwa katuni za Chakubanga wa gazeti la Uhuru, kazi ya Christian Gregory, na baadaye kwa gazeti la Sani, sijifichi. Lakini nilikuwa najiuliza kwa nini suruali ile imepigwa mstari mmoja tu pale gotini na bado unaona mtu amelewa. Ukinakili bila kuuliza, umefanya kazi ya fotokopi. Na zile picha za simu unazozifuatisha zina hila yake: aliyejipiga picha kwa karibu amevimba pua na masikio yamekimbia nyuma, nawe unaichora pua ile kwa uaminifu kisha unajilaumu. Video za wale vijana nazo zimeharakishwa. Saa nyingi za kusugua kivuli zimekatwa, umeonyeshwa dakika moja.

Mama yako ameniambia anasita kuhusu kuchora sura za viumbe. Usibishane naye. Muulize shekhe unayemwamini, umsikilize, na wakati huo kazi hazikuishii. Milango ya Mji Mkongwe kule Unguja imejaa mawaridi, minyororo na mitende, wala humo hutaona uso wa mtu, na bado mstari wake unaweza kukufundisha mwaka mzima. Jaribu kuchora pindo la kanga kwa mkono mtupu, likutane sawasawa kwenye kona, ndipo utajua.

Utaanza kuombwa picha za zawadi, za harusi, za mtoto wa bosi. Wanaolipa wachoree, wadai nusu kabla, na wasiolipa wachoree uwapendao tu. Daftari lako lisiuzwe wala lisipangiwe na mtu. Nasema hivyo kwa kuwa mashine za kuchapa mabango zilipoingia mjini, vibao vya mkono vikatuondokea ndani ya miaka michache, na wenzangu waliokuwa wanachora kwa ajili ya mteja peke yake hawajashika brashi tena. Mimi asubuhi nikijisikia nateremka Deep Sea ngalawa zinapoingia na samaki. Bado zinanisumbua. Tumbo la mtumbwi linapinda pande mbili kwa pamoja, na matengo yake ukiyakosea kidogo chombo kizima kinaonekana kinazama.

Jambo la mwisho ni penseli. Unatumia HB, ya kuandikia, ndiyo maana vivuli vyako vyote vina rangi ya majivu. Kiini cha penseli ni grafaiti iliyochanganywa na udongo, ufundi wa Mfaransa Conté wa mwaka 1795: udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu na hafifu, grafaiti ikizidi inakuwa laini na nyeusi. Nimekufungia 2B, 4B na 6B pamoja na madaftari mawili na wembe. Zichonge kwa wembe, kichongeo huvunja zile laini, na uangalie vidole. Mzigo umepanda basi leo, kesho uufuate stendi ya Nanenane ukiwa na kitambulisho. Risiti nimempa yule kijana wa steshenari aipige picha, atakutumia.

Nisalimie mwenzako wa chumbani.

Mjomba wako