Kaloleni: Nchi ya Tembo Lisilo na Pembe

Ukitaja mvinyo mbele ya mtu wa Nairobi, mawazo yake hukimbilia Ufaransa au Afrika Kusini. Aliyesafiri kidogo atakutajia Dodoma, kule Tanzania, ambako mizabibu hustawi. Lakini msomaji, pwani yetu nayo ina nchi ya mvinyo, tena ndogo kiasi cha kuizunguka kwa siku mbili. Mvinyo wake hautoki katika zabibu bali katika kilele cha mnazi, na jina lake ni tembo. Wengi huliita mnazi tu, kama mti wenyewe. Wagiriama huliita uchi, kwa hivyo ukimsikia mzee akiagiza uchi, usitazame kando kwa haya!

Ikiwa unakaa Kawangware, panda matatu ya 46 hadi mjini, kisha uamue baina ya basi la Mombasa na garimoshi la reli iliyofunguliwa mwaka 2017. Chagua garimoshi linalosimama njiani, ushuke Mariakani. Kutoka hapo matatu za Kaloleni zinapanda vilima, na kadiri unavyopanda ndivyo minazi inavyozidi kusongamana.

Lala huko, uamke mapema. Mgema hupanda mti alfajiri, na hurudi tena mchana au jioni, kila siku, mvua inyeshe au jua liwake. Kiunoni ana kotama, kile kisu kifupi kilichopinda. Huko juu hulikata karara ambalo halijafunguka, akaliparuza ncha kidogo tu, na utomvu ukadondoka tone kwa tone ndani ya kibuyu. Shinani utaona mikato aliyochonga ili aweke nyayo zake. Mikato hiyo huitwa vidato. Wewe mwanafunzi wa sekondari unayejivunia kidato chako, jua kwamba neno hilo lilianzia hapo mtini, na anayeteleza huku haandiki mtihani mara ya pili. Hana kamba wala wavu, na mnazi mrefu hupita nyumba ya ghorofa tano.

Tembo la asubuhi ni tamu, halijakolea. Hamira yake imo hewani na kibuyuni, haiongezwi na mtu. Kufikia adhuhuri limeanza kuuma ulimi, jioni ni kali, na kesho yake linaelekea kuwa siki. Ndiyo maana wapishi wa pwani wamelitumia tangu zamani kuumulia unga. Wazee hulinywa kwa mrija wenye chujio nchani ili wadudu na takataka zibaki kibuyuni.

Usidhani kwamba shamba la minazi ni la mtu mmoja kwa sababu tu limezungukwa na ua mmoja. Huku ardhi huweza kuwa ya huyu na mti wa yule. Mnazi huuzwa peke yake, hurithiwa, huwekwa rehani, na wazee ndio mashahidi. Mtaalamu David Parkin aliandika kitabu kizima juu ya mambo hayo ya Kaloleni mwaka 1972.

Hapo ndipo penye mvutano. Karara lililogemwa halizai nazi. Mwenye mti lazima achague: angojee nazi miezi mingi, au ampe mgema apate pesa leo. Karo ya shule haingoji, basi wengi huchagua tembo. Halafu kuna misako ya polisi, ambayo wagema wameilalamikia kwa miaka mingi. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 ilifuta ile iliyopiga marufuku chang'aa, lakini mgema wa kijijini bado huwa na wasiwasi aonapo gari la serikali. Mimi naona ni ajabu kukitia kinywaji hiki kapu moja na sumu ya vichochoroni. Posa ya Kimijikenda haisemwi bila kadzama, kipimo cha tembo kinachopelekwa kwa wazee wa msichana.

Na watoto je? Wasionje, sheria inakataza aliye chini ya miaka 18. Wao wanunulie madafu, kisha muende Rabai, ambako Johann Ludwig Krapf alianzisha misheni mwaka 1846. Karibu na hapo kuna kaya, misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Msiingie bila mwenyeji, wala msivunje hata kijiti. Wasalimieni wazee kwanza, mengine yatafuata.

Jirani zako wa Kawangware watakuomba uwaletee chupa. Kataa. Ukiiziba sana, hewa ya tembo itaipasua ndani ya basi na kuwalowesha abiria wenzako. Ukiilegeza, kufika Nairobi umebeba siki. Ingawa siki hiyo, ukiitia pilipili na maembe mabichi, inafaa sana kwa achari.